Nafasi MOJA kwenye jina la folda imenifutia kazi ya miezi mitatu!

Wakuu, nina hasira hadi chai imenishinda.

Nina folda inaitwa Kazi. Samahani, nilikuwa nayo. Juzi nikafungua nyingine pembeni yake, "Kazi Mpya", nikahamishia Makefile (faili la maagizo ya Make, programu ya kujenga mradi) na faili mbili tatu. Leo nimeingia humo nikapiga make clean, ya kusafisha vilivyojengwa, kama siku zote. Makefile yenyewe nimerithi kwa jamaa aliyeacha kazi, na mstari wake unasema rm -rf $(CURDIR)/build, yaani futa bila kuuliza folda ya build iliyo ndani ya folda niliyomo. Sheli (si ya mafuta, ni programu inayosoma amri na kuzikata kwenye nafasi) ikaona vitu viwili: /home/mimi/Kazi, halafu Mpya/build. Cha kwanza kipo, ikakifyeka chote. Cha pili hakipo, na kwa sababu ya ile -f haikunung'unika hata kidogo. Build niliyotaka ifutwe bado ipo, inanitazama!

Kabla hamjauliza git, ile ya kutunza matoleo ya kazi: folda yake ya .git ilikuwa humo humo, na mara ya mwisho kusukuma nakala kwenye seva ni miezi mitatu iliyopita. Nitukaneni.

Najua, alama za kunukuu zingeniokoa hapo. Sawa. Na Make yenyewe je? Kwake orodha ya faili ni maneno yaliyotenganishwa na nafasi, basi. Ukiweka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya nafasi kwenye targeti, yaani jina la faili la kutengenezwa, inakubali; ukilipitisha jina hilo hilo kwenye notdir, ya kuondoa njia ya folda, linakatwa vipande. Zana imezaliwa Bell Labs mwaka 1976, nyumbani kwa mfumo endeshi wa Unix, ambako jina la faili linaruhusiwa kila kitu isipokuwa / na baiti ya sifuri!

Tena sisi tuna balaa letu: ng'ombe. Amri ya kunakili, cp $< $@ (chanzo, kisha kinakokwenda), ikawa cp src/ng'ombe.png build/ng'ombe.png. Sheli ikasoma ritifaa mbili kama alama za kunukuu, zikafungana zenyewe, cp ikapokea jina moja refu, ikaniuliza napeleka wapi. Saa nzima nimetafuta kosa kwenye njia za folda.

Halafu kuna wa "usiweke nafasi kwenye majina". Mteja ananitumia "Picha ya ng'ombe (mwisho) 2.png", nimfundishe Unix kwanza? Mwaka 2001 kisakinishi cha iTunes 2, programu ya muziki ya Apple, kilifuta diski za watu kwenye Mac kwa upuuzi huu huu, na bado lawama ni za mwenye faili.

Kompyuta nimeizima, sijaandika kitu tena. Anayejua kurudisha faili kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) baada ya rm aje hapa. Wa "usiweke nafasi" wapite kushoto.