Wastani wa darasa la saba unamaanisha nini hasa?

mama_tausi: Wakuu naombeni mnieleweshe, shule ya serikali hapa kwetu NECTA (baraza la mitihani) imeipa wastani wa 190 kati ya 300 kwenye mtihani wa la saba, daraja B, lakini dogo langu liko la tano hapo hapo na aya moja ya Kiswahili linakwama kwama, sasa hiyo B inatoka wapi?

kitunguu: Mtihani karibu wote ni wa kuchagua, watoto wanapigishwa past pepa na kusiliba (kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu) mwaka mzima. B ya la saba hiyo, sio ya la tano.

mwl_bush: Msitulaumu dada, darasa lina watoto mia na ushee halafu mabosi wanataka ufaulu upande, utafanyaje? Kambi tu, watoto wa la saba walale shuleni wasome. Afadhali siku hizi shule kumi bora hazitangazwi.

mama_tausi: Sawa ticha, ila tuisheni nalipa mimi.