Majina ya wamiliki wa zamani kwenye lebo ya sarafu iliyopimwa, yaandikwe au yaachwe?

kibubu77: Wakuu habari zenu. Hivi mkipeleka sarafu PCGS au NGC (kampuni za Marekani zinazopima uhalisi na ubora wa sarafu) ikapimwe huwa mnaomba na jina la aliyekuwa nayo kabla yenu liwekwe kwenye lebo? Naona za wakusanyaji maarufu wa Marekani, Eliasberg, Norweb, Pittman, zimeandikwa kabisa. Sasa mzee aliyeniuzia mimi sio maarufu, jina lake liko kwenye kibahasha tu, kaandika kwa mkono wake mwaka aliyonunua na kwa nani, na najua sarafu ikishafungiwa kwenye lile kasha la plastiki kibahasha kitabaki pekeake na siku moja kitatupwa. Roho inaniuma.

MkusanyajiTu: Liwekwe mkuu, tena usisite. Umaarufu unakuja baadae, huyo Pittman alikua mfanyakazi wa Kodak wa kulipwa mshahara tu, alikuwepo Cairo 1954 kwenye mnada wa mali za Mfalme Farouk wa Misri, leo jina lake kwenye lebo watu wanagombania. Halafu angalia ile nikeli ya 1913 ya Liberty Head (senti 5 ya Marekani), zinajulikana 5 tu na kila moja inaitwa kwa jina la mtu. Ya Walton mwenyewe alikufa ajali ya gari 1962, wataalam wakasema hiyo ni feki, familia ikaiweka tu kabatini miaka yote mpaka 2003 ikalinganishwa na zile nyingine 4 ikaonekana ni halali. Bila ndugu kukumbuka ilikua ya nani ingeshapotea zamani.

Sarafu_Mkononi: Mimi naomba nipingane kidogo. Jina halipandishi gredi (alama ya ubora) hata pointi moja, skeli ni ile ile ya 1 mpaka 70, ila wauzaji wanalitumia kupandisha bei na mnunuzi mgeni anajikuta kanunua lebo badala ya sarafu. Na huyo mzee kama yupo hai umemuuliza? Sio kila mtu anataka ijulikane alikua na nini ndani.

lenzi_x10: Wote mna hoja ila mmesahau kitu, lebo yenyewe haidumu. Watu wanavunja makasha kila siku wakitafuta gredi ya juu zaidi, lebo ya zamani inaenda na takataka na historia yote inaishia hapo. Kwahiyo kibubu77 kabla hujatuma piga picha sarafu na kibahasha pamoja, mbele na nyuma, karibu kabisa mpaka ule mkwaruzo wa shavuni au doa la pembeni lionekane, maana hizo alama ndo kitambulisho chake, hazibadiliki hata kasha likibadilika. Ikirudi andika namba ya cheti iliyo kwenye lebo nyuma ya nakala ya kibahasha (nakala jamani, sio chenyewe). Kama mzee aliinunua mnadani pitia katalogi za zamani, tovuti ya Newman Numismatic Portal wameziweka nyingi bure, ukiipata picha inayofanana alama kwa alama hapo una ushahidi wa kuwapa wapimaji, maana kwa maneno matupu usitegemee waandike.

kibubu77: Asanteni sana aisee. Kwenye kibahasha kweli kuna namba ya loti (namba ya bidhaa mnadani) sikujua ni ya nini, naanza nayo hiyo. Mzee yupo, jioni nampigia nimuombe ruhusa, akikataa naacha lebo tupu ila kibahasha nakitunza.