Naomba ushauri: nihame na krediti 42 au nimalize kwanza?

Wakuu, habari zenu. Niko Marekani, nasoma chuo cha jamii, vile vya miaka miwili, nikilenga kuhamia chuo kikuu cha jimbo. Shahada ya miaka miwili ya chuo hiki kwa kawaida ni krediti 60 (vipimo vya masomo uliyofaulu), ninazo 42. Kumbe somo langu la takwimu chuo kikuu hakilitambui! Mshauri wa kwanza alisema linahesabika, wa pili akakana, wa tatu hata miadi sijapata. Kemia ninayoihitaji hujaa kila muhula, na mwalimu wake ni wa muda, hana hata ofisi ya kumfuata. Ada ni nafuu, sikatai. Ila uvumilivu unaniishia. Mliopita njia hii, nihame sasa au nimalize kwanza? Na hiyo takwimu, naweza kuikatia rufaa?