Balbu ya wati 60, mita inasema omu 65: nakosea wapi?

Mfugaji wa Kasulu
Wakuu, salaam. Nina vifaranga chotara 120 wa siku nne hapa Kasulu, na mwezi huu wa saba baridi ya usiku si mchezo. Kwenye kitalu nimefunga balbu nne za kizamani, zile zenye uzi ndani, wati 60 kila moja. Ikifika saa moja jioni zinafifia kama kibatari, vifaranga wanapandana chini yake.

Nikaona nipige hesabu badala ya kubahatisha. Nilifungua balbu moja, ilipopoa nikaipima ukinzani: omu 65. Volti mara volti, gawa kwa ukinzani: 230 × 230 ÷ 65, wati 814! Balbu itoe wati za pasi? Ampia nazo sijathubutu kupima. Niongeze balbu ngapi?

Fundi Koleo
Hesabu iko sawa mkuu, umepima balbu ikiwa imelala. Uzi wake ni wa tangsteni. Ukiwaka unafika nyuzi joto 2,500 hivi, na ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Anza na maandishi ya kwenye balbu: 60 ÷ 230 ni ampia 0.26. Kisha 230 ÷ 0.26, omu 880 na ushei. Hiyo ndiyo balbu ikiwa kazini. Ndiyo maana nyingi hufa pale pale unapobonyeza swichi, mkondo wa mwanzo huingia kwa kishindo.

Hizi mita za njano za bei rahisi nyingi hupima ampia za betri tu. Usithubutu kuichomeka kwenye soketi ikiwa upande wa ampia, itakulipukia. Azima ile ya kubana waya, na ubane waya mmoja. Ukibana zote mbili itasoma sifuri, uanze kunilaumu.

Mama Vifaranga
Hizo omu mtamalizana nazo wenyewe. Mwanangu, weka chungu cha mkaa usiku huu, acha upenyo juu hewa chafu itoke, kesho ndiyo mgawanye na kuzidisha.

Mfugaji wa Kasulu
Shikamoo mama, chungu nimeweka. Mita nimeazima pia. Saa mbili usiku: volti 190, ampia 0.92 kwa balbu zote nne. 190 × 0.92 ni wati 175, na mimi nilijua nina 240! (Nilianza kwa kubana nyaya zote mbili. Sifuri. Nimecheka peke yangu bandani.)

Fundi Koleo
Basi kila balbu inakupa 44 tu. Ukifunga sita unapata kama 262. Ila watu wakishazima na kulala, volti zikirudi 230, sita hizo ni wati 360, utawachoma. Mbili za nyongeza zipe swichi yake. Waya usikutishe, 360 ÷ 230 haifiki hata ampia 1.6. Kagua maungio, hasa kama umeviringisha kwa selotepu.

Mfugaji wa Kasulu
Selotepu umejuaje? Nimeweka konekta.

Sita zinawaka. Jana saa saba usiku niliamka, nikakuta vifaranga wamejibanza pembeni kabisa ya kitalu, midomo wazi, wanahema. Nikazima zile mbili, nikasimama na tochi kama dakika kumi hadi waliporudi katikati mmoja mmoja.