Kufundisha Kiingereza Thailand: nipitie kwa wakala au nijitafutie shule mwenyewe?

Mwalimu_Moro

Habari za leo, walimu wenzangu. Nina shahada ya ualimu wa Kiingereza na Kiswahili, na nimefundisha miaka 4 katika sekondari binafsi mjini Morogoro. Nimekusudia kwenda kufundisha Thailand kuanzia muhula wa Mei, lakini nimefika njia panda. Kuna wakala aliyeniahidi shule, visa, chumba cha kuanzia na mtu wa kunipokea uwanja wa ndege Bangkok, kwa ada ya dola 1,200 ambayo anataka niilipe kabla sijauona mkataba. Rafiki yangu aliyeko huko ananishauri niwaandikie wakuu wa shule moja kwa moja, niokoe fedha hizo. Mama naye hataki kusikia habari ya mimi kufika ugenini bila mwenyeji. Naomba ushauri wa waliozijua njia zote mbili.

Dada_wa_Kisumu

Mdogo wangu, njia zote mbili nimezipita. Mwaka wa kwanza nilipelekwa na wakala katika sekondari ya serikali huko Udon Thani, na sitasema kwamba hakunisaidia. Siku ya kwanza, saa mbili kamili asubuhi, wanafunzi walijipanga mbele ya bendera, wimbo wa taifa ukaimbwa, kisha nikakabidhiwa kipaza sauti nijitambulishe. Mwakilishi wa wakala ndiye aliyeninong'oneza nikutanishe viganja kifuani na kuinamisha kichwa kabla ya kusema lolote. Ndiye pia aliyenipeleka uhamiaji na kunisomea mkataba wa nyumba ulioandikwa Kithai kitupu.

Yaliyoniumiza niliyajua baadaye. Shule ilikuwa ikimlipa wakala baht (fedha ya Thailand) 38,000 kwa mwezi kwa ajili yangu, nami nikipokea 25,000. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 10, kwa hiyo Aprili na Oktoba, shule zinapofungwa, sikulipwa chochote, ilhali kodi ya nyumba haikupumzika. Nilipotaka kuondoka nikagundua kwamba kibali cha kazi kilimtaja wakala kuwa ndiye mwajiri. Ningeacha kazi, visa nayo ingekufa. Mwaka wa pili shule yenyewe iliniajiri kwa baht 32,000, miezi yote 12. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, uliza ni jina la nani litakaloandikwa kwenye kibali chako.

Mwl. Hamisi

Naunga mkono, na ninaongeza upande wa sheria, kwa kuwa ndiko walimu wengi wanakoteleza. Visa ya kazi ni ile isiyo ya uhamiaji, kundi B, na ni vyema uwe nayo kabla ya kusafiri, kwa barua ya mwajiri. Kufundisha kwa visa ya utalii ni kosa, hata kama mkuu wa shule atakuambia kwamba mambo yatarekebishwa baadaye. Shule ndiyo inayokuombea ruhusa ya muda kwa Khurusapha, yaani baraza la walimu la huko, iwapo huna leseni yao. Pasipoti yetu haihesabiwi kuwa ya nchi ya wazungumzaji wazawa wa Kiingereza, kwa hiyo jiandae kuombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza: TOEIC, kwa kawaida alama 600 au zaidi, au IELTS. Ukijitafutia mwenyewe, andika Machi na Aprili, au Oktoba kabla ya muhula wa pili.

Msafiri_Nakuru

Ndugu yangu, kuna jambo zito kuliko mshahara. Wapo Wakenya waliokwenda Thailand kwa ahadi ya kazi nzuri, wakapakiwa gari hadi Mae Sot na kuvushwa mto Moei kuingia Myawaddy, Myanmar, walikolazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika makambi hayo, na Wakenya walikuwemo. Usisafiri bila jina la shule. Piga simu ya shule wewe mwenyewe, kwa namba uliyoipata mahali pengine, si aliyokupa wakala. Mkataba ukitaja Khon Kaen, ulioko kaskazini mashariki, na gari likashika njia ya Mae Sot, magharibi mpakani, shuka penye watu.

Mwalimu_Moro

Nawashukuru sana. Jana nilimwomba wakala jina la shule na nakala ya mkataba, akanijibu kwamba vyote nitavikuta Bangkok. Sijamlipa, wala sitamlipa. Nimejiandikisha kufanya IELTS Dar es Salaam, na nimeanza kuziandikia shule 6. Dada, kama hutajali, naomba unieleze ulivyolizungumza suala la miezi ya likizo na mkuu wako, kwa sababu hapo ndipo nisipojua pa kuanzia.

Dada_wa_Kisumu

Nilimwomba aandike tarehe ya mwanzo na ya mwisho wa mkataba, kisha chini yake aandike kwamba mshahara hulipwa kila mwezi, Aprili na Oktoba zikitajwa kwa majina. Alisita kidogo, akaandika.