Naomba ushauri: breki za kupozwa kwa maji, kama za malori ya mashindano

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninaendesha lori la vitunguu kutoka Karatu hadi Arusha mjini, na mteremko wa kushukia Mto wa Mbu unanitia hofu, kwa kuwa breki hupata moto hadi zikanuka.

Katika mashindano ya malori ya Ulaya, kama yale ya Nürburgring nchini Ujerumani, malori yenye uzito unaozidi tani 5, ambayo kanuni haziyaruhusu kuvuka kilomita 160 kwa saa, hupozwa breki kwa maji yanayotoka kwenye tangi lake, ndiyo maana huonekana yakitoa mvuke kwenye kona. Ni ufundi ninaouheshimu sana.

Tayari ninashuka kwa gia nzito na kutumia breki ya injini, lakini mzigo ukijaa haitoshi. Fundi mmoja wa Moshi anashauri tufunge mabomba ya maji. Mwenzake anapinga, akisema breki zangu ni za dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu), na dramu yenye moto ikimwagiwa maji ghafla inaweza kupasuka.

Je, kuna aliyewahi kutumia maji kwenye breki za dramu, na dramu zilidumu? Au fedha hiyo niiweke kwenye ritada, yaani kifaa cha kupunguza mwendo wa lori bila kutumia breki za magurudumu?