Dawa za sonona: mama mdogo amalize vidonge vya zamani?

Muulizaji, Wete
Assalamu alaykum. Mama mdogo alikuwa akinywa amitriptilini kila usiku kwa ajili ya sonona. Alipokwenda Unguja, daktari alimwandikia fluoksetini, anywe asubuhi. Vidonge vya zamani vimebaki nusu chupa, naye anasema kuvitupa ni israfu, maana vyote ni vya maradhi mamoja. Je, avinywe pamoja?

Mfamasia, Unguja
Waalaykumu ssalamu. Tafadhali, asivichanganye kwa uamuzi wake. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja amitriptilini, kwa hiyo kipimo kilekile alichokizoea kinaweza kuzidi katika damu hadi kikavuruga mapigo ya moyo. Amitriptilini ni ya kundi kongwe la trisikliki, lililoanza na imipramini katika miaka ya 1950. Huongeza nguvu ya serotonini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, lakini hugusa pia sehemu nyingine za mwili zisizohusika na sonona, na ndiyo maana mdomo hukauka, choo huwa kigumu, na mtu mzima akiinuka ghafla huona kizunguzungu. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia hasa serotonini isirudi upesi katika seli iliyoitoa. Mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu na kumkosesha mtu usingizi, na kwa sababu hiyo hunywewa asubuhi. Haina maana kwamba ni kali au dhaifu kuliko ile ya kwanza.

Chupa hiyo isikae kabatini, kwani trisikliki zikinywewa nyingi kwa mara moja huua, na nyumbani mna watoto na mna mgonjwa mwenye huzuni. Je, daktari alimweleza namna ya kuiacha ile ya zamani?

Mchangiaji, Chake Chake
Dada yangu, mimi natumia fluoksetini. Wiki tatu za mwanzo sikuona nafuu yoyote, na jamaa walinishauri niiache. Nilianza kujihisi mtu tena katika wiki ya tano. Mwambie asikate tamaa mapema, wala asiiache ghafla akishapona. Ramadhani, kwa ruhusa ya daktari, huinywa wakati wa daku.

Muulizaji, Wete
Ahsanteni sana. Nimemuuliza: aliambiwa apunguze ile ya zamani kidogo kidogo kwa tarehe, na karatasi yenyewe ameisahau Unguja. Asubuhi nitampigia daktari kabla hajanywa chochote, na chupa ninayo mimi.